Boksi Dogo Lililojizima Mgeta

Wajukuu zangu, kwanza niwaambie kwamba nimewasamehe. Nimewasamehe kwa zile taa za rangi mnazotia ndani ya kompyuta mpaka mtu akiingia chumbani anauliza harusi ni ya nani. Nimewasamehe pia kwa huu mtindo wenu wa kutaka kitu kiwe kidogo kuliko vyote na hapo hapo kiwe na nguvu kuliko vyote. Mnachukua boksi linaloingia kwenye kapu la sokoni, mnalisokomeza kadi ya grafiki yenye urefu wa mkono wangu kuanzia kiwiko, halafu mnashangaa likipata joto. Mimi nikilala na wajukuu kitanda kimoja mwezi wa Januari hapa Morogoro napata joto vile vile, na wala sichori picha yoyote.

Jina langu ni Tatu. Mjini wananiita Bi Tatu Fundi, na wengine wakikuta mwanamke mzee ameshika bisibisi bado wanauliza fundi mwenyewe yuko wapi. Nawajibu kwamba ametoka kidogo, waache mzigo. Wakirudi na kukuta kitu chao kimepona ndipo nawaambia fundi alirudi, akafanya kazi, akatoka tena. Nimetengeneza redio, halafu televisheni, halafu deki za video, halafu kompyuta, na sikubadilisha kazi hata mara moja. Vitu ndivyo vilivyobadilika. Mimi nimebaki pale pale nikitafuta umeme umepotelea wapi. Sasa nimestaafu, maana yake sina duka, ila watu wananiletea mizigo nyumbani Mji Mpya na kukaa kwenye makochi yangu wakisubiri chai.

Aliyenifundisha ni Bwana Harilal, Mhindi mwenye duka la redio katikati ya mji, mtu wa hapa hapa kuanzia babu yake. Harilal hakuruhusu mtu afungue kitu kabla hajakinusa. Kweli kabisa. Mteja analeta redio, tunaipokea kwa mikono miwili, tunaiweka puani. Wateja wageni walidhani tunatambika. Lakini waya ulioungua una harufu yake, kapasita iliyopasuka ina harufu yake, na mende aliyekaangwa juu ya transfoma, huyo ukimnusa mara moja hutamsahau mpaka unaingia kaburini.

Nakumbuka mzee mmoja alileta redio kubwa ya mbao, ya sebuleni. Harilal akainusa, akakunja uso, akafungua. Mahali pa fyuzi palikuwa na msumari.

"Mzee wangu," akamwuliza kwa upole, "huu msumari umeuweka wewe?"

"Mimi mwenyewe. Fyuzi zenu zinaungua ungua ovyo."

"Na msumari umeungua?"

"Aa, huo ni imara."

"Basi ndiyo maana vimeungua vingine vyote," Harilal akasema, akamwagizia chai.

Mnacheka. Mnadhani nyie mmevuka mambo ya misumari. Juzi juzi kijana wa Kihonda amenijia na kompyuta iliyonuka kuanzia getini. Alikuwa amenunua pawa saplai mpya, lile dude la ndani linalopokea umeme wa ukutani na kuwagawia wenzake kila mmoja kwa kiasi chake. Dude lilikuwa zuri. Lakini waya akaacha zilizokuja nalo, akatumia za pawa saplai yake ya zamani, ya watengenezaji wengine, kwa sababu za zamani zilikuwa nyeupe na zinapendeza kwenye picha. Plagi ziliingia bila shida, na hiyo ndiyo iliyomponza. Kila mtengenezaji anapanga miguu ya plagi zake anavyotaka mwenyewe upande ule wa pawa saplai, na umeme hauulizi njia, unapita palipofunguliwa. Kwa hiyo shikeni hili kabla hata hatujafika mbali: waya zilizokuja na pawa saplai hazina ndoa nyingine. Zikifa, nunua za aina ile ile.

Sasa niwaambie habari za Rukia, maana ndiye aliyenifanya nikae chini kuandika.

Rukia alikuja asubuhi moja, begi amelivaa kifuani kama mama mwenye kichanga. Akasalimia vizuri, shikamoo bibi, nikamwitikia, nikamwuliza kama ameniletea keki. Akatoa boksi la chuma lenye matundu matundu pande zote, dogo, la kupakatika.

"Ni kompyuta, bibi. Nikiipa kazi nzito inazima ghafla. Haisemi kitu, inazima tu."

"Na kazi nzito ni ipi?"

Akanieleza, na nyie nawaeleza. Rukia ni binti wa Mgeta, kule juu Uluguru zinakotoka kabichi na njegere mnazokula. Alisomea kutengeneza katuni kwa kompyuta huko Dar, akafanya kazi huko, mpaka siku mama yake alipoteleza kwenye njia ya shambani akavunjika mguu. Mguu uliunga lakini haukurudi kuwa ule wa zamani, na kina kaka wako mbali. Rukia akarudi nyumbani kumtunza mama. Kampuni moja ya Dar ikampa jaribio: atengeneze katuni fupi ya watoto, akiwa huko huko kwao, na aipeleke kabla ya Ijumaa fulani kwisha. Akiweza, atafanyia kazi zao Mgeta siku zote. Asipoweza, itabidi ahamie Dar atumie mashine za ofisini, au aache.

"Kwa hiyo nikishindwa, bibi, ama namwacha mama peke yake na mguu wake na milima ile, ama tunakaa wote hatuna kitu."

"Mama analijua hilo?"

"Hajui. Sikutaka kumpa matumaini halafu yavunjike. Nimemwambia tu kuna kazi naimalizia."

Katuni yenyewe ilikuwa ya kuku aliyekataa kulala bandani. Nyie mnadhani kuku ni kitu kidogo. Rukia akanionyesha: kila unyoya unapepea peke yake, kila unyoya una kivuli chake, na hesabu zote hizo inazifanya kadi ya grafiki. Ndiyo maana aliitaka kadi kubwa. Na boksi alilitaka dogo kwa sababu gari linaishia barabarani, kutoka hapo mpaka kwao ni njia ya miguu iliyosimama, na kila kitu kinapanda mgongoni. Alikuwa na sababu. Tofauti na baadhi yenu ambao boksi dogo mnalitaka ili muweke maua pembeni mpige picha.

Nikainusa. Rukia hakucheka, nikampenda hapo hapo. Kulikuwa na harufu kidogo ya plastiki iliyoota moto. Nikafungua. Ndani hapakuwa na nafasi hata ya kuingiza uongo. Kadi ile ilitaka kulishwa na nyaya mbili zinazotoka kwenye pawa saplai kila mmoja kivyake. Yeye, kwa kubana nafasi, alikuwa amechukua waya mmoja wenye matawi mawili mwishoni, akachomeka yote mawili. Ukitazama unaona plagi mbili, unaridhika. Kumbe mzigo wote unapita kwenye waya mmoja, na waya huo umekuwa wa moto kama sufuria ya ugali.

Tena plagi yenyewe kwenye kadi haikuzama mpaka mwisho. Ilibaki nafasi nyembamba, ya unene wa ukucha, na pembeni plastiki ilishaanza kuwa ya kahawia. Kisa ni kile kifuniko cha boksi: kikifungwa kinausukuma waya, waya unapinda shingoni kabisa, plagi inarudi nyuma. Basi sikilizeni, hili nalisema kwa sauti ya shuleni. Sukuma plagi mpaka usikie imelia. Halafu chukua tochi, uitazame ubavuni, usione mwanga kati yake na kadi. Halafu uache waya utembee kidogo ukiwa umenyooka kabla hujaukunja. Kama boksi halikuruhusu, boksi hilo si lako, mrudishie aliyekuuzia.

Tukaweka nyaya mbili, tukazizamisha mpaka mwisho na kuzipitisha mahali kifuniko kisipozisukuma. Tukawasha, kuku akaanza kuchorwa, nikaenda kuweka maji ya chai, narudi nakuta kiza. Rukia akanitazama kwa macho ya mtu anayetaka kulia lakini amelelewa vizuri.

Safari hii ilikuwa ni pawa saplai yenyewe. Ilikuwa inatosha kwenye karatasi. Kadi ikisema inakula wati mia tatu inasema kweli, ila haisemi kweli yote. Kuna wakati, kwa kufumba na kufumbua, inapiga funda moja kubwa, karibu mara mbili ya hapo, kisha inarudi kwenye adabu yake. Macho yako hayaoni, mita yako ya kawaida haioni, lakini pawa saplai inaona. Ikiwa ndogo inadhani kuna shoti, inajizima ili isife. Msiitukane, imefanya kazi yake, ni yule mwenzake mlafi ndiye wa kusemwa. Kwa hiyo mkijumlisha wati zenu, acheni nafasi ya mafunda. Tukaagiza nyingine Dar, yenye nguvu zaidi lakini yenye mwili mdogo ule ule, ikaja na basi.

Na hapa nikiri kwamba binti naye alinifundisha. Tulipokwisha kufunga akafungua programu moja, akasogeza kimshale, akaniambia amepunguza kiasi cha umeme ambacho kadi inaruhusiwa kula. Nikacheka sana. Maisha yangu yote nimetibu njaa kwa kuongeza chakula, sijawahi kuona mtu anaitibu kwa kupunguza. Rukia akasubiri nimalize kucheka. Kuku akachorwa karibu kwa kasi ile ile ya mwanzo, joto likashuka, feni zikanyamaza. Nikaacha kucheka, nikamwomba arudie polepole nivae miwani.

Mashine ikafanya kazi sebuleni kwangu mchana kutwa bila kukohoa. Rukia akanikumbatia, akaifungasha, akapanda kwao. Mimi nikajisifu kwa majirani.

Siku chache baadaye simu ikalia. "Bibi, imezima tena. Inazima kila siku. Ijumaa ndiyo kesho."

Ingekuwa enzi za duka ningemwambia ailete. Lakini kushuka na kupanda kungemla muda wote uliobaki, na mimi sina duka la kufungua. Nikamkumbuka Harilal, ambaye kitu kikimrudia mara ya pili alikuwa anavaa kofia na kukifuata nyumbani kwa mwenyewe. Nikatia mita yangu kwenye mkoba. Ijumaa alfajiri nikapata lori lililoteremsha mboga na sasa linarudi tupu Mgeta, dereva akaniweka mbele kwa heshima ya mvi. Njia ya miguu sitaisimulia. Nitasema tu kwamba magoti yangu hayajanisamehe, na kwamba kila aliyenipita, awe na tenga la karoti kichwani au mtoto mgongoni, alisimama kunipa pole, na pole zenyewe zilikuwa nyingi mno hata nikaanza kuona aibu.

Mama yake Rukia alinipokea mlangoni na fimbo yake, mwanamke mwembamba mwenye macho makali, tunalingana umri. Nyumba safi, baridi, ukungu unaingia mlangoni bila hodi. Na jirani kabisa, ukuta kwa ukuta, mashine ya kusaga unga.

Nikafurahi! Fundi akipata wa kumsingizia hufurahi, msidanganywe. Mashine ya kusaga ikianza kuzunguka inavuta umeme wa mtaa mzima. Nikachomeka mita yangu ukutani, nikasubiri. Jirani akamwaga mahindi, mota ikanguruma, taa ikafifia, mita ikashuka. Nikamgeukia Rukia na uso wa ushindi. Kompyuta yake ikaendelea kuchora kuku. Haikujali. Pawa saplai hizi za siku hizi zinavumilia umeme ukishuka, mradi usishuke kupita kiasi, na ule wa jirani haukufika huko. Jirani akasaga magunia, mimi nikakaa mbele ya boksi na mita mkononi, na asubuhi nzima haikuzima.

"Ndivyo inavyofanya, bibi!" Rukia akasema kwa uchungu. "Nikikaa nayo inafanya kazi. Nikitoka kidogo, shambani au kule juu kutafuta mtandao, nikirudi nakuta imezima."

Akatazama saa. Akasema anapanda kilimani kwenye mtandao kuwaomba kampuni wamwongezee japo siku mbili, nimwangalizie mashine. Akatoka. Mama alikuwa jikoni.

Nikabaki peke yangu sebuleni, nikaanza kutazama nyumba, kwa sababu mashine nilikuwa nimeshaitazama mpaka basi. Mnazijua sebule zetu. Televisheni ilikuwa na kitambaa cha kufuma, cheupe, chenye maua ya waridi. Redio ilikuwa na chake. Viti vina vyao mgongoni na mikononi. Stuli ina chake. Chupa ya chai ilikuwa imevaa gauni lenye mikono. Mwanamke huyu alikuwa na mkono wa kufuma, hakuna kitu kilichoingia nyumba ile kikaachwa kipate baridi. Isipokuwa kimoja. Ile kompyuta, kitu kipya kuliko vyote, kitu cha mtoto wake, ilikuwa uchi.

Nikainuka kutafuta. Nilikikuta chini ya mto wa kiti, kimekunjwa vizuri: kitambaa cha uzi mzito wa sufu, cha njano, kimewekewa kitenge ndani kama bitana, na kimefumwa kwa vipimo vya boksi lile pande zote, mpaka chini. Nikakiweka puani. Kilinuka vumbi lililokaangika na plastiki ya moto.

Mama akaingia na chai ya tangawizi. Akakiona mkononi mwangu, akasimama.

"Mama Rukia," nikamwambia, "nyumba hii hata chupa ina gauni. Mbona huyu mgeni mkubwa mmemwacha uchi?"

Akaketi taratibu, fimbo akailaza. "Mashine za siku hizi hazitaki kufunikwa."

"Nani amekuambia?"

"Yenyewe." Akanimiminia chai. "Alipoileta nilifurahi, dada. Nikasema huku kwetu kuna ukungu, kuna vumbi la unga la jirani, itaharibika. Nikaifumia nguo. Alipotoka nikaivika, nimshtukize akirudi. Ikazima. Nikaogopa, nikaivua, nikanyamaza. Siku ya pili nikaivika tena nione kama kweli ni hiyo nguo. Ikazima."

"Na siku ya tatu?"

Akaweka birika chini.

"Siku ya tatu nilikuwa najua, dada."

Nje mashine ya kusaga ikanyamaza, tukasikia kuku tu, wale wa kweli.

"Kaka yake wa kwanza alimaliza shule, akaondoka," akasema. "Wa pili akamaliza chuo, akaondoka, mke wake nimemwona kwenye picha. Huyu naye akamaliza, akaondoka, amerudi kwa sababu ya mguu huu. Sasa kila siku ananiambia, mama nikimaliza kazi hii, mama nikishaimaliza. Mimi najua maana yake. Nyumba hii kila anayemaliza kitu anaondoka. Nikasema basi, hiki kisiishe. Mungu anisamehe."

Nimeona vitu vingi vikizimwa katika maisha yangu, kwa maji, kwa radi, kwa panya na kwa misumari. Sikuwahi kuona kitu kimezimwa kwa upendo. Na mimi nilikuwa nimekaa pale nikiujua upande wa pili, ule ambao binti alimficha mama yake kwa nia nzuri, na mama naye ana siri yake chini ya mto wa kiti. Nikawa nataka kuwachapa wote wawili kwa hiyo fimbo.

Kabla sijafungua mdomo Rukia akaingia, amelowa ukungu, simu mkononi.

"Wamekataa," akasema. "Mwisho ni leo jioni. Bibi, tuache tu. Itazima tena, mimi naijua. Kesho nafungasha niende Dar nikatumie za kwao."

Mama yake akanyanyua uso. "Unaenda?"

"Nitafanyaje, mama?"

"Unaenda kwa sababu imeisha?"

"Naenda kwa sababu haijaisha! Ingeisha leo ningebaki huku. Wangeniletea kazi huku huku, nisikuache. Ndiyo maana nahangaika hivi, mama, ili nisiondoke!"

Boksi peke yake ndilo lililokuwa linavuma pale mezani, na kwenye kioo kuku yule mkaidi anapata manyoya yake moja baada ya jingine. Mama Rukia akanyoosha mkono, akachukua kile kitambaa cha njano kwenye mapaja yangu, akamwonyesha mwanawe.

"Ni mimi," akasema. "Ukitoka, naivika. Nilidhani ikiisha utakwenda."

Rukia akakitazama kitambaa. Akalitazama boksi, yale matundu, akaelewa haraka kuliko mimi nilivyoelewa. Nilidhani atapiga kelele, na angekuwa na haki. Akapiga magoti, akamlalia mama yake mapajani, akalia na kucheka kwa pamoja hata sikujua nimpe kitambaa cha kufutia machozi au nimwache. "Mama," akawa anasema, "mama, kwa nini hukuniuliza?" Na mama yake akamwambia, "Na wewe kwa nini hukuniambia?" Mimi nikanywa chai yangu, maana hapo palikuwa hapahitaji fundi.

Walipotulia nikawapa somo, na nyie mlipate. Pawa saplai ya boksi dogo inavuta hewa kupitia ubavu wa boksi, kwa sababu haina pengine pa kuvutia. Kadi nayo inapumulia ubavu wa pili. Ukiziba kokote, hata kwa kitu chepesi, joto linakaa ndani, na pawa saplai ikifika mwisho wa uvumilivu inajifunga yenyewe. Ukiivua nguo ikapoa, inawaka kama hakijatokea kitu, na fundi anakuja na mita kuhangaika na mashine za kusaga za watu. Kwa hiyo liwekeni boksi mbali na ukuta, mbali na pazia, juu ya kitu kigumu, si juu ya godoro. Na waelezeni wenye nyumba. Nyie mnajifungia vyumbani na mavideo ya kujifunza kutoka nchi za watu, na kwenye video hizo hakuna mama mwenye sindano ya kufuma.

Kazi ilimalizika jioni ile kabla jua halijazama, na Rukia akapanda kilimani na simu akaipeleka. Yuko Mgeta mpaka leo, na kuku wake wengi wenu mmemwangalia na wadogo zenu. Lakini ninachokikumbuka mimi ni ule mchana, zile saa za kusubiri. Rukia alikuwa mbele ya kioo, hathubutu hata kwenda chooni. Mama yake akatoka akichechemea kwenda jikoni, nikadhani anakwenda kuinjika ugali. Akarudi na kipepeo cha ukindu, kile cha kupepea mkaa. Akavuta stuli, akakaa ubavuni mwa boksi pale penye matundu, akaanza kulipepea.

Nilitaka kumwambia kwamba halikuhitaji, kwamba lina feni zake na hewa ya Mgeta ni baridi ya kutosha. Rukia akanitazama na kutikisa kichwa kidogo, nikauma mdomo.

"Imefika wapi?" mama akauliza.

"Imebaki kidogo, mama."

"Na ikiisha unabaki?"

"Nabaki."

Akabadilisha mkono, akaongeza kasi.